Je, manowari za mbao zilikufa siku Warrior iliposhushwa majini?

Swali: Nimeona video fupi inayosema kwamba Waingereza waliposhusha HMS Warrior, manowari ya chuma, mwaka 1860, manowari zote za mbao ziligeuka kuni siku ileile. Halafu nikasoma kuwa mwaka 1874 walileta Unguja HMS London, meli ya mbao iliyoshushwa mwaka 1840. Walituletea takataka, au mimi ndiye sijaelewa? – Msomaji, Tanga

Jibu: Umeelewa kuliko aliyetengeneza hiyo video. Swali hili huniijia kwa sura nyingi, na chanzo chake hakibadiliki: mtu amepanga picha tano za meli, akazibandika miaka, akatangaza kuwa kila mpya imeiua iliyotangulia. Kazi ya dakika kumi, na watoto wa shule wanaibeba mpaka kwenye mtihani.

Hebu tuitazame Warrior yenyewe. Bodi yake ni ya chuma, na ubavuni imevikwa deraya, yaani mabamba ya chuma ya kuzuia makombora, ya milimita 114. Nyuma ya deraya hiyo kuna mbao za msaji (mti mgumu) za unene wa sentimita 45 hivi, kazi yake kumeza kishindo cha kombora. Juu ina milingoti mitatu na matanga kamili, kwa kuwa injini za wakati ule zilikula makaa ya mawe bila huruma. Gloire ya Wafaransa, iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, ilikuwa meli ya mbao iliyovikwa chuma. Na baada ya Warrior, Waingereza wenyewe walizichukua meli za mbao zilizokuwa bado zinaundwa, Royal Oak ikiwemo, wakazivika deraya vilevile. Mbao walikuwa nazo, mafundi walikuwa nao, na Wafaransa walikuwa hawawasubiri.

Sasa ndiyo tunafika kwenye kosa linalonichosha kuliko yote: kudhani kwamba chuma kilikuwa bora kila mahali na kwa kila kazi. Bodi ya chuma ikikaa kwenye maji ya joto kama yetu huota mwani na magamba upesi. Meli inakuwa nzito, mwendo unashuka, makaa yanaisha, na dawa yake ni kuipandisha chelezoni, mahali pa kuitoa meli majini, ikwanguliwe. Unguja ya 1874 haikuwa na chelezo cha kubeba manowari kubwa. Meli ya mbao ilivikwa shaba nyekundu chini, ambayo ilizuia uchafu huo pamoja na wadudu wanaotoboa mbao. Kwa nini basi wasiivike shaba meli ya chuma? Kwa sababu shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi vinafanya kazi ya betri, na kinacholiwa ni chuma. Ilibidi kwanza kuwekwe tabaka la mbao katikati. Ndiyo maana miaka mingi baadaye bado walikuwa wakiunda meli ndogo za makoloni kwa mataruma (mbavu za meli) ya chuma, ubao juu yake, na shaba nje. Thrush, moja ya zile zilizopiga kasri la Unguja tarehe 27 Agosti 1896, iliundwa hivyo, na ilishushwa mwaka 1889.

Kuhusu London, basi, hawakukuletea takataka. Ilikuwa imeshatiwa injini na rafadha, yaani panga la kusukuma meli, mwaka 1858, lakini hapa haikuja kupigana na manowari za chuma. Ilitia nanga iwe kituo: ghala, karakana, hospitali, na maskani ya mabaharia waliotoka kwa mashua kukamata majahazi ya watumwa baada ya mkataba wa 1873 na Sultani Barghash. Kapteni wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 akiwa kwenye mashua ya mvuke. Kwa kazi ya namna hiyo, sitaha pana zilikuwa na faida kuliko deraya.

Wanaopenda njia za mkato wanasahau pia kwamba bodi, deraya, injini na mizinga havikubadilika pamoja. Mwaka 1870 HMS Captain ilichanganya minara ya mizinga inayozunguka, milingoti mirefu, na ubavu uliokaribiana mno na maji. Usiku wa kuamkia 7 Septemba ilipinduka karibu na Finisterre, pwani ya Hispania, ikazama na watu wapatao 480, akiwemo Cowper Coles aliyeibuni. Mwaka uliofuata ilishushwa Devastation, iliyobuniwa bila matanga kabisa. Utadhani matanga yalikwisha hapo. Lakini Inflexible ya 1876, yenye deraya ya sentimita 61 na mizinga iliyoshindiliwa kwa mbele kama ya vita vya Trafalgar vya 1805, ilianza kazi ikiwa na matanga.

Mtindo huohuo wa kuua meli kwa tarehe wanautumia kwa Dreadnought, manowari ya Waingereza ya 1906. Kweli, mizinga yake kumi ya inchi 12 na injini zake za tabo (mapanga yanayozungushwa na mvuke) ziliwatia wengine kiwewe. Lakini Novemba 1914 meli iliyoupiga mji wa Dar es Salaam ilikuwa Goliath, ya kizazi cha kabla yake, iliyoshushwa mwaka 1898. Ukiona video inakupa mwaka wa kushushwa tu, bila kukueleza meli ilipelekwa wapi, kwa kazi gani, na ilipata wapi makaa na chelezo, usiinakili kwenye insha ya mwanao.