Godoro lipande mizani

*Shikamoo fundi. Hela ya korosho imeingia, nataka godoro la futi tano kwa sita, inchi nane. Hapa Tandahimba nimeoneshwa mawili. Mwenye duka anaapa yote ni hai densiti, yaani sponji nzito iliyoshiba, lakini moja bei yake ni karibu nusu ya jingine, na kwa macho yamefanana. Nitayatofautishaje? – Msomaji, Tandahimba*

Marahaba mwanangu. Maandishi ya ubavuni yaache, wino hauna mwenyewe. Wewe mkulima wa korosho, mizani unaijua: yapandishe yote mawili. Mwenye duka akisema hana, muuza nafaka wa jirani hakosi.

Sponji hupimwa kwa kilo ndani ya mita moja ya ujazo. Godoro la vipimo vyako lina zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo. Sponji ikiwa ya kilo 25 kwa mita hiyo, mizani itasoma kama kilo 14. Ikiwa ya kilo 15, hata kilo 9 haifiki, na hilo ndilo linalobonyea mapema. Jepesi ni hewa tupu uliyouziwa.

Ila mizani nayo ina wajanja wake. Wapo wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iwe nzito. Kwa hiyo omba zipu ifunguliwe, usugue kwa kidole gumba. Ukiona vumbi jeupe, au sponji inameguka kama mkate uliolala, rudisha zipu. Mwenye duka akinuna hata kabla hujafungua, jibu umeshapata.

Mimi nimeshona makochi Lindi mjini miaka ishirini na bado nilipigwa. Nilinunua usiku, duka linafungwa, bei ya kutupa, zipu sikugusa. Miezi minane tu, katikati pamekuwa bonde, mke wangu kila usiku ananiuliza mtumbwi unaelekea wapi. Nikalipasua kwa wembe: vipande vya buluu, waridi, kijani, vimegandishwa kwa gundi na gundi imeshaachia. Mabaki ya makochi, kazi yangu mwenyewe!

Halafu vua viatu ulale ubavu dakika tano, watu wacheke wakichoka wataacha. Nyonga isiguse sakafu. Piga goti, hesabu mpaka sitini, uinuke; shimo lijae mbele ya macho yako. Tembea na futi pia, maana inchi nane za dukani mara nyingine ni saba. Na lile linaloanikwa barazani kuita wateja usilichukue, jua huifanya sponji kuwa ya manjano na kupukutika.

Kabla hujalipa, kaangalie chaga za kitanda chako. Nafasi ikipitisha ngumi, hata godoro lililosoma kilo 14 kwenye mizani litazama humo. Ongeza mbao mbili tatu kwanza, na ukifika nalo nyumbani chana hiyo nailoni. Najua watu wa huko mnapenda kuiacha mwaka mzima ili lionekane jipya, mnalalia jasho.