Kikundi cha sanaa skuli, usingoje Septemba

Kila mwaka ni yale yale. Ikikaribia Septemba 23, siku ilotangazwa Elimu Bila Malipo hapa Zanzibar mwaka 1964, walimu mbio mbio, nani anajua kuimba, nani anajua kucheza, watoto wanakusanywa chapchap wanafundishwa ngoma, tamasha likipita ndo basi mpaka mwakani. Na wanaochukuliwa ni wale wale wenye sauti, waliobaki kazi yao kupiga makofi. Mie nasimamia kikundi cha skuli huku Pemba muda sasa, na haya namuandikia mwalimu mwenzangu anaeanza, mzazi nae akipita asome.

Kwanza kabisa angalia saa. Watu wanadhani wazazi wa kwetu wanakataa sanaa kwa sababu ya dini tu, wapo wa hivo sikatai, lakini ukikaa nao barazani mkazungumza taratibu utakuta wengi wanachogombea ni chuo, yaani chuo cha Kurani. Mtoto alasiri anatakiwa chuoni, sasa wewe umemuweka mazoezini mpaka jua linazama, umeshagombana na mama mtu na ustadhi kwa mpigo mmoja. Sisi tulikwenda kumuuliza ustadhi mwenyewe, chuo chake hakisomeshi Alkhamisi na Ijumaa, basi Alkhamisi baada ya alasiri ikawa yetu, na kabla ya magharibi kila mtu yuko kwao. Kelele zilipungua sana.

Halafu jamani anzeni na vilivyomo majumbani. Kuna walimu wanataka watoto waige madansi ya kwenye simu wakati ngoma ya kibati ni yetu hapa hapa Pemba! Kibati kinamfaa mwanafunzi kuliko anavyodhani mtu, maana ni majibizano ya papo kwa papo, ngoma inakwenda mbio na wewe utunge jibu mbio vilevile. Mie huwapa ugomvi mdogo tu, mmoja muuza pweza mwengine mnunuzi, bei hawaafikiani, haya semeni. Mara ya mwanzo wanacheka wee mpaka ngoma inawaacha. Baada ya muda utamsikia mtoto ambae darasani akiulizwa anaangalia chini, anamrushia mwenzake maneno ya mkato hata mpiga ngoma anapotea.

Upande wa kuchora hapo ndo pananiuma, kwa sababu kila mtu anasema hatuna rangi hatuna karatasi. Nilikuwa na mtoto wa Fomu tuu, ukimpa penseli anakwambia mwalimu mie sijui kuchora, kumbe mtaani kukiwa na harusi yeye ndo anaeitwa kumtia piko, ile rangi nyeusi ya mikononi, bibi harusi, anaanza na ua kwenye kiganja, anashusha kikonyo mpaka kidoleni, mkono hautetemeki na wala hafuti. Nikamwambia chora hilo hilo kwenye boksi la katoni. Akachora pazia zima la mchezo wetu wa kuigiza kwa mkaa na chokaa. Kwa hiyo usiwaulize nani anajua kuchora, uliza nani anatia hina, nani kwao wanasuka ukili wa rangi, nani anachonga ngarawa za kuchezea, mikono utaiona wewe mwenyewe na utachagua.

Wasiotaka kusimama mbele ya watu waache, wala usiwalazimishe. Kuna kushika daftari la maneno, kuna kukaza ngoma motoni, kuna kupanga nani anatoka lini. Na wasichana waulizwe wenyewe na wazazi wao wanataka kuvaa nini na kucheza na nani, tukikubaliana mapema kwamba wasichana wana kundi lao na mitandio yao, hapana mtoto anaetolewa siku ya mwisho.

Mzazi wa mtoto wa Fomu foo, najua unataka kumtoa kikundini kwa ajili ya mtihani. Mpunguzie tu, aje nusu saa aseme yake arudi kwenye vitabu, maana ukimkatia kabisa huo muda anaumalizia kwenye simu, nimewaona wengi.

Nguo za tamasha msichangishe pesa, kanga na kanzu za nyumbani zinatosha. Ila kofia za kiua andikeni majina kwa ndani kabla hamjapanda gari, babu akikosa kofia yake atakaekuja kuulizwa ni wewe.