Jibu: Maneno adimu ya Kiingereza yanakaaje kichwani?

Mkuu, umeuliza kwa nini unakariri maneno kumi ya kamusi kila siku, halafu wiki ikiisha yote yamepeperuka. Kumi ni mengi mno. Chukua moja tu, ulitafutie kitu unachokiona au kukinusa hapahapa Dodoma.

Mfano petrichor: ile harufu ya udongo mkavu ukiguswa na mvua. Lilibuniwa mwaka 1964 na Joy Bear na Richard Thomas, wanasayansi wa Australia, kutokana na Kigiriki: petra ni jiwe, ichor ni damu ya miungu. Sisi tunaokaa miezi na miezi bila tone, harufu hiyo tunaijua kuliko Waingereza wenyewe! Mimi lilininasa nikisubiri daladala Sabasaba, matone ya kwanza yakidondoka vumbini. Sijalisahau tena.

Ila usilichomeke kwenye barua ya kikazi. Bosi hatakuelewa, na wenzako watasema unajimwambafai. Mwandikie rafiki kwenye meseji, au jisemee mwenyewe njiani. Kwa ofisini anza na reluctant, yaani kufanya jambo shingo upande. Hilo utalihitaji kila Jumatatu.