Kwa nini lenzi yenye utando hung'aa zambarau?

Swali: Nikiielekeza lenzi yangu kwenye taa, naona rangi ya zambarau juu ya kioo. Je, utando, yaani tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, unanyonya mwanga? Na kwa nini unene wake ni robo ya urefu wa wimbi, si nusu?

Jibu: Haunyonyi. Kila uso wa kioo cha kawaida unaogusana na hewa hurudisha asilimia 4.3 hivi ya mwanga unaoujia. Inaonekana ndogo, lakini lenzi yenye vipande sita vilivyotengana ina nyuso 12, na bila utando karibu asilimia 40 ya mwanga haifiki mwisho wa safari.

Ukipaka utando wa magnesiamu floraidi, mwanga hurudi kutoka sehemu mbili: juu ya utando, na pale utando unapokutana na kioo. Huo wa pili umevuka utando mara mbili. Robo kwenda, robo kurudi, jumla nusu wimbi. Kilele cha wimbi moja kinaangukia bonde la lingine na mawimbi yanafutana. Nishati haipotei, inapita mbele pamoja na mwanga unaopenya. Unene ukiwa nusu wimbi, safari nzima inakuwa wimbi kamili, na kwa rangi hiyo kioo hurudisha mwanga kana kwamba hakijapakwa kitu.

Angalizo kwa anayepiga hesabu: wimbi hupimwa ndani ya utando, siyo hewani. Kwa kijani cha nanomita 550, gawanya kwanza kwa 1.38 (kipimo cha magnesiamu floraidi cha kupinda mwanga), kisha kwa 4: unapata nanomita 100. Wengi husahau 1.38, wanapata 137.5, na utando huo unafanya kazi vizuri kwenye nanomita 759, ukingoni kabisa mwa wekundu ambao jicho linauona kwa shida.

Zambarau basi ni mabaki. Kijani kimefutwa, nyekundu na buluu zimefutwa nusunusu tu, nazo zikichanganyika ndiyo rangi unayoiona. Mwanga ukiingia kwa nyuzi 45, rangi inayofutwa zaidi huhamia nanomita 470 hivi, kwa hiyo mabaki hubadilika ukiinamisha lenzi.

Hata kijani hakifutiki chote. Kwa kioo chenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.52, utando ungetakiwa uwe na kipimo cha 1.23; huu wa 1.38 bado unarudisha asilimia 1.3 ya kijani hicho. Ndiyo maana lenzi nyingi za sasa hupakwa tabaka kadhaa, silika ikipishana na titaniamu dioksaidi.

Alama ya kidole huvuruga haya yote: mafuta yake huongeza unene usio sawa juu ya utando, na doa linang'aa kuliko sehemu safi. Puliza vumbi kwanza, kisha tia dawa ya lenzi kwenye kitambaa, siyo kwenye kioo, isije ikapenya pembeni.