Maziwa yamelala, daktari atakata wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Ngamiani, Tanga, nimenyonyesha watoto watatu, wa mwisho nimemwachisha mwezi uliopita na maziwa yamelala kabisa. Shoga yangu anasema opresheni ya kuyanyanyua inaacha kovu kama nanga, mwingine anasema ni kaduara tu. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote wakweli, inategemea yamelala kiasi gani. Simama mbele ya kioo, weka kidole kwenye mkunjo chini ya ziwa halafu tazama chuchu iko juu ya kidole au chini, ndo kipimo alichoandika daktari Regnault mwaka 1976 na mpaka leo kinatumika. Ikishuka kidogo wanakata kuzunguka duara la chuchu basi, ikizidi wanaongeza mstari wa kwenda chini, na ikishuka sana wanaongeza mwingine unaofuata mkunjo, hapo ndo nanga ya shoga yako. Chuchu kwa kawaida haing'olewi jamani, inahamishwa ikiwa bado imeshikana na nyama yake ya ndani na mishipa ya damu, ngozi iliyozidi ndo inatolewa.

Ila mwezi mmoja ni mapema mno, subiri kama miezi sita ziwa likauke litulie, na kama bado unataka mtoto zaa kwanza maana mimba inaweza kuyashusha tena. Halafu jishike sikio pale ulipotobolewa, kama pana kinundu kigumu mwambie daktari mapema, ngozi zetu hizi keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, haziko mbali. Na mafuta ya kuchua maziwa hayanyanyui kitu, usipoteze hela yako.