Jibu: Dirisha la amri linalofunguka na kufungika papo hapo

Ndugu yangu wa Nyakato, umeeleza kwamba kompyuta yenu ya nyumbani yenye Windows 7 hufungua dirisha la amri (cmd, lile jeusi la kuandikia maagizo) kisha likafungika kabla hujaandika chochote, na kwamba fundi mmoja hapa Mwanza amekushauri ufute diski nzima. Nakusihi usikubali bado, kwa maana picha za marehemu mzee wako ulizozitaja zitapotea kwa ajili ya tatizo ambalo huenda ni neno moja tu lililoandikwa pasipostahili.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika cmd /d, kisha bonyeza Enter. Nyongeza hiyo ya /d huizuia programu kutekeleza amri za kujiendesha zilizohifadhiwa katika sajili ya mfumo, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows; kwa hiyo dirisha likibaki wazi, chanzo umekwisha kukijua. Fungua regedit, programu ya kuhariri sajili hiyo, nenda kwenye ufunguo (yaani folda ya sajili) HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Command Processor, utazame thamani iitwayo AutoRun, na ukikuta imeandikwa exit au jina la faili usilolijua, hifadhi nakala ya ufunguo huo ndipo uifute thamani hiyo ya AutoRun. Tazama pia njia hiyohiyo chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE.

Ukiona badala yake ujumbe kwamba msimamizi amezuia dirisha hilo, tafuta thamani iitwayo DisableCMD katika HKEY_CURRENT_USER\Software\Policies\Microsoft\Windows\System, uiweke 0.

Virusi vya flashi huweza kuleta mabadiliko kama haya, na flashi zetu hupita kila steshenari kuanzia Buzuruga hadi Kirumba. Microsoft ilikoma kuipatia Windows 7 masasisho ya kawaida ya usalama Januari 14, 2020, hivyo nakili picha hizo leo, kabla ya kugusa chochote.