Maswali ya Wasomaji: Kupamba Rafu ya Meko Majira ya Baridi

Barua za mwezi huu zimetoka Marekani, Uingereza, Uswidi na nyanda za juu za Kenya, na nyingi zinauliza kuhusu ile rafu iliyo juu ya meko ya ukutani. Karibu zote zinaanza na mapambo na kumalizia na moto. Sisi tunaomba mfuate mpango wa kinyume: jueni kwanza rafu yenu inapata joto kiasi gani, kisha ndipo muingie dukani.

SWALI: Salamu wahariri. Rafu yetu ina urefu wa sentimita 150. Nilinunua koja la majani ya plastiki la futi 6, nikalitundika kwa kulabu za gundi. Kwanza lilionekana limekonda, halafu usiku wa pili likaanguka lote na taa zake. Nimekosea wapi? *Mama watoto, Columbus, Ohio*

JIBU: Dada, kwanza ni urefu. Futi 6 ni kama sentimita 183. Toa 150 za rafu, zinabaki 33, yaani 16 tu za kuning'inia kila upande. Koja la hivyo hukaa kama masharubu ya kuazima. Miguu yake inapaswa kushuka angalau sentimita 60 kila upande, kwa hiyo 150 na 60 na 60 ni 270, na hilo ndilo koja la futi 9 linalopatikana kwa urahisi huko Marekani. Ukitaka lipinde mawimbi mbele ya rafu badala ya kulala juu yake, zidisha urefu wa rafu kwa moja na nusu kabla ya kuongeza miguu. Hapo utahitaji makoja mawili yaliyofungwa pamoja.

Kukonda ni habari nyingine. Soma kwenye boksi idadi ya ncha za matawi: koja la futi 9 lenye ncha zaidi ya 200 limejaa vya kutosha, na lenye chache litaonyesha waya wake hata ulifanyeje. Hata koja zuri hutoka kwenye boksi limebanwa. Anzia katikati ukielekea pembeni, fungua ncha moja moja, moja kushoto, ya pili kulia, ya tatu juu, na upande wa nyuma uache bapa ili ulale vizuri. Kazi hiyo huchukua karibu nusu saa, na wengi huiruka kisha wakalaumu duka. Ukiwa tayari una koja jembamba usilitupe. Lilaze juu ya lingine la aina tofauti ya majani, uyafunge pamoja kwa waya mwembamba kila sentimita 30.

Sasa kuanguka. Kulabu ya gundi hushika vizuri juu ya kitu laini na kikavu kisicho na mafuta. Rafu iliyopakwa polishi au kufutwa kwa dawa ya samani ina utando unaoiachisha gundi. Futa kwa spiriti, acha ikauke, bandika, kandamiza kwa sekunde 30, kisha ngoja saa nzima kabla ya kutundika chochote. Juu ya matofali yasiyopakwa rangi au jiwe lenye vinyweleo usijisumbue, haitashika. Gundi hizi pia hulegea joto likipita nyuzi 40 hivi za Selsiasi. Kama mlikuwa mmewasha moto usiku ule, huenda jibu lako lote liko hapo.

Tena kuna uzito. Miguu inayoning'inia huvuta katikati. Pima koja na taa zake kwenye mizani, ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye pakiti ya kulabu. Weka kulabu mbili kwenye pembe, pale koja linapogeuka kushuka, na mbili katikati, zote juu ya rafu karibu na ukuta. Anza kufunga katikati, si mwisho mmoja, la sivyo mguu mmoja utashuka zaidi ya mwenzake.

Kwa rafu yenye joto, au nyumba ya kupanga ambamo hamruhusiwi kutoboa, tunapenda zaidi ubao. Chukua ubao mwembamba wa upana wa sentimita 5 na unene wa 2, uliokatwa pungufu kidogo ya urefu wa rafu. Pigilia misumari midogo kila sentimita 25 ikiwa imesimama nusu, bandika kitambaa chini usikwaruze rafu, kisha lifunge koja kwenye misumari kwa waya. Pambo lenu zito zaidi, jagi la udongo au kinara cha chuma, likalie ubao huo kila mwisho. Hakuna gundi ya kuyeyuka.

Taa huzungushwa kwenye koja kabla ya pambo lingine lolote. Balbu 100 ndogo za LED, zenye mwanga wa manjano ulioandikwa 2700K, zinatosha futi 9. Ule mweupe wa buluu hufanya sebule iwe kama zahanati.

SWALI: Tunatumia matawi mabichi, si plastiki, lakini ndani ya wiki moja yanapukutika yote. Meko yetu ni ya kuni na tunawasha kila jioni. Je, kuna dawa? *Msomaji, Leicester*

JIBU: Dawa ipo kidogo, ila haiwezi kushindana na moto wa kila jioni. Hewa ya nyumba iliyopashwa joto wakati wa baridi ni kavu mno, na rafu iko juu kabisa ya chanzo cha joto. Fanyeni jaribio hili: washeni moto kama kawaida, na baada ya saa moja laza kipimajoto kwenye ukingo wa mbele wa rafu, kikae dakika kumi. Kikisoma chini ya 30, matawi yataishi. Kati ya 30 na 40 yabadilisheni kila wiki. Zaidi ya hapo msiweke majani mabichi, wala mishumaa ya nta, kwa sababu mishumaa mirefu huanza kupinda hata bila kuwashwa.

Umbali ni jambo lisilojadiliwa. Kanuni za ujenzi za Marekani kwa meko ya kuni, ambazo ni kipimo kizuri popote, zinakataza kitu chochote kinachoungua ndani ya inchi 6, yaani sentimita 15, kutoka mdomo wa meko. Kati ya inchi 6 na 12 kilichojengwa kwa mbao hakiruhusiwi kujitokeza zaidi ya thumuni ya umbali wake: kilicho sentimita 24 juu ya mdomo kisitokeze zaidi ya 3. Hiyo ni mbao ngumu iliyofungwa ukutani. Majani makavu yanayocheza kwa upepo wa joto yanahitaji zaidi, nasi tunasema 30 kila upande. Kama nguzo za pembeni ni nyembamba na miguu ya koja itakaribia mdomo, koja liishie juu ya rafu. Soksi za Krismasi nazo hung'olewa kabla ya moto kuwashwa, bila mjadala.

Mkishajua joto lenu, chagueni matawi. Mwerezi na msonobari huvumilia, vilevile ule mti wa Krismasi unaouzwa kwa jina la Fraser. Sprusi na hemloki hupukutika mapema, hata vikiwa vya bei nzuri. Kata sentimita 2 au 3 za mwisho wa kila tawi, loweka kwenye ndoo ya maji usiku kucha mahali pa baridi, kung'uta, ndipo ufunge. Nyunyiza maji kila siku taa zikiwa zimechomolewa kwenye umeme. Katika chumba chenye ubaridi matawi kama hayo hukaa wiki mbili hadi tatu.

Kuna watu watakaowaambia mvunje sindano moja, yaani jani jembamba la tawi, ikikatika tawi limekauka. Kipimo hicho kinadanganya, maana miti ya jamii ya Fraser sindano zake hukatika zikiwa mbichi kabisa. Pitisha mkono uliofumba nusu kando ya tawi, kutoka shinani kwenda nchani. Zikibaki sindano nyingi kiganjani, litoe leo. Na msilitie mekoni! Matawi makavu hulipuka kwa mwali mkubwa wa ghafla, cheche zikaruka nje, na huo mwali unaweza kuwasha masizi yaliyoganda ndani ya bomba la moshi.

Kama kuna watoto wadogo, fahamuni kwamba matunda mekundu ya mti wa holi yana sumu, na mti wa yu, unaoota sana kwenye makaburi ya makanisa ya Uingereza, una sumu kali zaidi, majani na mbegu zake. Msiuokote.

SWALI: Sisi ni Waislamu wa Mombasa tunaoishi huku. Hatusherehekei Krismasi, lakini rafu tupu inazidisha baridi machoni. Tunataka pambo la majira yenyewe, likae tangu Desemba hadi Ramadhani. *Baba Salma, Minneapolis*

JIBU: Baba Salma, kinachofanya rafu isomeke kuwa ya Krismasi ni nyekundu na kijani zikikaa pamoja, na zile soksi na mipira ya kung'aa. Ondoeni nyekundu, mbaki na kahawia, nyeupe, kijani kidogo na rangi ya shaba.

Shaba mnayo, au mtaipata kwa jamaa. Sinia kubwa la shaba la kipenyo cha sentimita 60 hufanya kazi ya kioo: huakisi taa na kufanya ukuta uonekane una joto. Lisimamishe ukutani, si katikati kabisa, bali theluthi moja kutoka upande mmoja. Mguu wake ukae sentimita 5 kutoka ukutani, na mbele yake bandika vipande viwili vya mpira visivyoonekana ili lisiteleze. Karibu nalo weka dele la kahawa. Upande wa pili weka jagi lenye vijiti vikavu vinavyofika sentimita 60, ili macho yapande tena baada ya kushuka. Katikati pabaki chini: koni za msonobari kwenye bakuli, na mishumaa mitatu ya betri ya kimo cha 10, 15 na 20. Mpaka hapo panatosha. Kosa tunaloona sana kwenye picha za wasomaji ni vitu vidogo kumi na tano vya kimo kimoja, vimepanga foleni.

Koni za kuokota zina wadudu na utomvu. Zitandaze kwenye karatasi ya foili, zitie oveni ya nyuzi 93 (200 za Fahrenheit huko kwenu) kwa dakika 30 hadi 45, na msitoke jikoni. Utomvu huyeyuka ukawa mng'ao, na koni zilizofumba hufunguka. Kwa sura ya sakitu, yaani umande ulioganda, pakeni vijiti na ncha za koni gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo, nyunyizieni chumvi ya Epsom, mviache vikauke usiku mzima. Chumvi hiyo huyeyuka ikilowa, kwa hiyo vikae mbali na dirisha linalotoa jasho. Pamba nyeupe ya kuigiza theluji msiiweke popote karibu na moto. Magogo ya mti wa birchi wenye gome jeupe yanapendeza ndani ya meko yaliyozimwa, lakini gome hilo hushika moto kama karatasi, basi mkiwasha moto magogo hayo yahamisheni.

Siku hizi Ramadhani inaangukia Februari, na hapo kazi ni ndogo: ondoeni koni na vijiti, sinia na dele vibaki, fanusi moja au mbili zichukue nafasi ya jagi.

SWALI: Televisheni imetundikwa juu ya meko. Nipambe vipi? *Msomaji, Reading*

JIBU: Kwa vitu vifupi visivyofika ukingo wa chini wa kioo, wala kuziba kile kidoa kinachopokea rimoti. Koja liende pembeni mwa rafu tu, lisipite katikati. Tia kipimajoto kama tulivyomweleza msomaji wa Leicester: miongozo mingi ya televisheni inaweka kikomo cha nyuzi 40, na ikizidi hapo tatizo lako si mapambo.

SWALI: Huku Limuru baridi yetu ni Juni na Julai, na meko yanawaka kweli. Dada yangu amenitumia taa za koja kutoka Marekani. Niziweke na majani gani? *Wambui*

JIBU: Wambui, usizichomeke kwanza. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240. Geuza kile kiadapta usome: kikiandikwa 100–240V, unahitaji plagi ya kubadilisha umbo tu. Kikiandikwa 120V peke yake, taa zitaungua mara moja, na pengine si taa tu. Za betri tatu za AA hazina shida hiyo, ila kisanduku cha betri kisikae juu ya rafu yenye joto, kwani betri huvuja.

Majani unayo uani. Saiprasi za ua hukatwa bure na hukaa vizuri, na koni za msonobari zimejaa kwenye mashamba ya miti. Mkaratusi una rangi nzuri ya kijivu, lakini mafuta yake huwaka kwa nguvu. Uweke tu ikiwa kipimajoto kimesoma chini ya 30, na sentimita 30 hizo usizipunguze.

SWALI: Nta imemwagikia rafu ya jiwe, na ukuta umepata moshi mweusi juu ya mishumaa. *Msomaji, Malmö*

JIBU: Weka barafu ndani ya mfuko juu ya nta mpaka ikauke na kukatika, ibandue kwa kadi ya plastiki, si kisu. Doa la mafuta likibaki, laza karatasi ya jikoni na upitishe pasi vuguvugu isiyo na mvuke. Karatasi itanyonya, ubadilishe kila inapolowa. Moshi hutokana na utambi mrefu: ukate ubaki milimita 6 kila kabla ya kuwasha, na usiuweke mshumaa penye upepo wa mlango au wa bomba la moshi. Masizi ya ukutani yafute kwanza kwa sifongo kavu. Ukianza na maji utayapaka zaidi.